Barua ya wazi kwa uongozi wa redio yetu hapa Moro: wenzenu wanarudi, nyie hamrudi

Kwa Mkurugenzi,
Meneja wa Vipindi,
na wote mnaokaa kwenye vikao vya Jumatatu,
Morogoro.

YAH: KWANINI JIRANI ZENU WANAWAPITA KWA WASIKILIZAJI

Ndugu viongozi, salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu karibu na soko la Mawenzi, huu ni mwaka wa 14 nipo palepale. Najua mtu atauliza fundi cherehani anajua nini kuhusu redio, sasa niwaambie, hakuna mtu anayesikiliza redio kama fundi cherehani. Macho yako kwenye sindano, mikono iko kwenye kitambaa, miguu iko kwenye pedali, kilichobaki ni masikio tu, na hayo masikio nimewapa nyie toka saa 12 asubuhi nikifungua mpaka saa 2 usiku nikifunga. TV siwezi, nikiinua kichwa nashona kidole. Simu ndio kabisa.

Jina la redio yenu sitalitaja, la jirani zenu pia sitalitaja, mnajijua na Moro nzima inajua. Sijaja kuwachafua. Na msije mkasema kwanini huyu mama hakuja kwanza kuongea kiutu uzima, nilikuja. Barua ya kwanza niliandika kwa mkono nikaileta mwenyewe mapokezi, dada akaigonga muhuri nikaona mambo si ndio haya. Kimya. Ya pili nikaituma kwenye ile namba ya WhatsApp mnayoitaja kila baada ya nyimbo mbili, tiki zikawa za bluu na zipo bluu mpaka leo. Mara ya tatu nikaacha wateja nikaja, nikaambiwa mkurugenzi yupo kwenye kikao, nikakaa pale kwenye benchi toka saa 4 mpaka saa 7, ndipo nikaambiwa kikao kimeisha na mkurugenzi ameshatoka. Ametokea wapi sijui maana mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Wala sikutaka kuwapeleka TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, kwenye Kamati ya Maudhui, kwasababu hamjamtukana mtu, hamjavunja kanuni, hili sio jambo la faini.

Kilichonifanya niandike hadharani ni asubuhi ile mlipotumia karibu nusu saa nzima ya kipindi kulalamika kwamba jirani zenu wamenunua utafiti ndio maana wanaonekana wanaongoza. Nilisimamisha cherehani. Nikasema hawa ndugu zangu kweli hawajui? Basi ngoja niwaambie mimi, bure.

1. Simu yenu inaita tu

Hili ndio kubwa kwahiyo mtanivumilia nitarefusha kidogo.

Kuna binti anajifunza kushona kwangu, ana mtoto wa miaka sita. Jumamosi moja kale katoto kakapotea. Tulikuwa tumeenda Msamvu kupokea mzigo wa vitambaa, stendi mnaijua Jumamosi ilivyo, kugeuka hivi mtoto hayupo. Saa 5 asubuhi. Mama mtu amechanganyikiwa, anakimbia huku na huku anaangalia chini ya mabasi. Tukaenda polisi, tukaandikisha, alafu mimi nikasema tupige redio, na redio niliyoipigia kwanza ni nyie, kwasababu namba yenu naijua kwa kichwa. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita. Huku kwenye redio ya yule muuza soda wa stendi nawasikia mko hewani kabisa, mtangazaji anasema "tupigie sasa hivi, laini ziko wazi", nikaja kujua baadae kwamba kile kipindi cha Jumamosi mnakirekodi Ijumaa. Yaani laini ziko wazi za Ijumaa.

Nikapanda bodaboda nikaja mpaka ofisini kwenu. Nikamkuta kijana mmoja, mpole sana, simlaumu, akaniambia mama tangazo la kupotelewa linalipiwa, na anayepokea hela ni mhasibu, na mhasibu anaingia Jumatatu.

Jumatatu!

Nikawapigia jirani zenu nikiwa nimesimama hapohapo kwenye ngazi zenu. Ilipokelewa mlio wa pili. Akauliza jina la mtoto, amevaa nini, anaitikia akiitwa nani, mama yake yuko wapi saivi, namba ya kupiga. Hakuuliza hela. Sijafika hata Msamvu nikasikia kwenye bodaboda ya mtu mwingine tangazo linasomwa, wakawa wanalirudia kila wakimaliza wimbo. Saa 8 mchana akapiga mama muuza vitumbua wa kule Kihonda, mtoto amekaa kwenye benchi lake anakula, kumbe alimfata mwanamke mmoja aliyevaa dera kama la mama yake wakapanda daladala.

Sasa, hapo mtasema haya, walisoma tangazo bure, wana roho nzuri. Sio hilo. Kilichotokea ni kwamba Jumapili asubuhi simu yangu ikaita, ni yule yule mtangazaji, anauliza "mama, mtoto kaamkaje?" Nikamwambia ameamka anacheza. Akaniomba niseme hewani, nikasema, akampigia na yule mama wa vitumbua, akamshukuru kwa jina, akataja na benchi lake liko wapi, yule mama siku ile aliuza vitumbua mpaka unga ukaisha. Walirudi. Mnaelewa ninachosema? Mtu aliyesikia Jumamosi kwamba mtoto kapotea alikaa usiku kucha na kale katoto kichwani, asubuhi akafungua redio kujua. Akifungua kujua anakuta na habari, na tangazo la saruji, na kila kitu. Hicho ndio mnaita namba za wasikilizaji. Na hakikununuliwa popote.

Kwenu habari ikishasomwa imekufa. Mlituambia kuna kisima kimechimbwa huko Mvomero kina maji ya chumvi, mwisho wake? Mlimhoji mzee anayedai mafao yake, akalia hewani, mimi mwenyewe nikalia juu ya suruali ya mteja, alilipwa? Hamkurudi. Mnatufungulia milango alafu mnaondoka mnatuacha tumesimama na baridi.

Na hata hizo tafiti mnazozilaumu, mteja wangu mmoja anayesoma chuo cha kilimo, SUA, alinielezea zinavyofanyika. Kampuni kama GeoPoll wanawatumia watu meseji kwenye simu wanauliza, nusu saa fulani ulikuwa unasikiliza redio gani. Mtu anajibu kwa kukumbuka. Sasa nambieni, mtu akiulizwa ghafla akumbuke redio, atakumbuka ile iliyomsaidia kumpata mtoto au ile iliyompigia nyimbo tano mfululizo bila kusema kitu?

2. Mnatutangazia Dar

Asubuhi saa 1 mtangazaji wenu anatuambia foleni Ubungo imeanzia wapi. Mimi niko Mawenzi! Foleni ya Ubungo inanihusu nini? Naelewa anaisoma kwenye simu yake, kwenye kurasa za watu wa Dar, kwasababu ni rahisi kuliko kuvaa viatu. Lakini siku hizi treni ya SGR ipo, toka Juni 2024 inabeba abiria Dar mpaka Moro, chini ya saa mbili umefika. Anayetaka kutangaza Dar apande akatangaze akiwa hukohuko.

Wenzenu wana kijana anaingia soko la Mawenzi saa 11 alfajiri magari ya Mgeta yakishusha. Anataja tenga la nyanya shilingi ngapi, gunia la karoti ngapi, kabichi, njegere, na mchele wa Dakawa umefika kwa bei gani, alafu anamshikia maiki mama mmoja anasema "mwongo huyo, kwangu bei nafuu" na watu wanacheka. Dakika saba tu. Lakini mkulima aliyeko Mgeta anajua asubuhi ileile kama dalali anamdanganya, mama ntilie wa Kihonda anajua abebe hela ngapi, na mimi ambaye sinunui tenga wala gunia nasikiliza hivyohivyo kwasababu naijua ile sauti, ni jirani yangu kabisa pale ng'ambo ya duka la chumvi.

Na mvua. Mkoa huu ukisikia ngurumo usiku hulali vizuri. Toka yale mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara ya Dodoma pale Dumila, mtu wa Moro mwenye ndugu njiani akiamka anafungua redio kwanza kabla hajapiga mswaki. Masika iliyopita nikafungua yenu. Mlikuwa mnajadili mchumba wa msanii.

3. Mnacheka wenyewe

Watangazaji watatu, mmoja kasema kitu mbali na maiki, wawili wameangua kicheko dakika nzima, sisi hatujui kimesemwa nini. Jamani, sisi hatuoni. Hili halihitaji maelezo marefu.

4. Ratiba yenu haijui tuko wapi

Kipindi cha kilimo mmekiweka saa 4 asubuhi. Saa 4 mkulima yuko shamba, jembe mkononi, kama ana redio basi iko kwenye simu ya tochi inachajiwa kwa jirani. Anayewasikiliza saa 4 ni mimi na cherehani yangu na sina hata mgomba. Kipindi cha afya ya mama na mtoto mlikuwa nacho Alhamisi, kilikuwa kizuri kweli, nesi anajibu maswali, mkakikata mkaongeza uchambuzi wa mpira. Simba na Yanga napenda na mimi, mume wangu ndio usiseme, lakini saa 3 asubuhi siku ya kazi mnachambua mechi iliyochezwa Jumamosi kwa mara ya nne, waliobaki majumbani saa hiyo ni akina mama wananyonyesha.

Wakati Radio Tanzania, RTD, iko peke yake baba yangu alikuwa na redio moja ya mbao, na nyumba nzima tulijua saa ya nini ni ipi. Matangazo ya vifo yakianza hakuna kuongea, hata kuku tulikuwa tunawafukuza, kwasababu unaweza ukasikia jina la mtu wako, "habari ziwafikie" fulani wa Kilosa, fulani wa Mahenge, fulani popote alipo. Jumapili watoto tunajua zamu yetu inakuja. Hiyo ilikuwa redio ya serikali, haina mshindani, ingeweza kuweka chochote saa yoyote na tungesikiliza tu tungefanyaje, lakini iliweka vitu watu walipo. Nyie mna washindani na hamjali tuko wapi.

5. Mziki wa kwetu mnauonea aibu

Huu mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba. Wa juzi juzi ndio hao Afande Sele, Belle 9, Stamina. Nikae wiki nzima nisisikie hata mmoja wao kwenye redio ya Morogoro? Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Kenya 1979, mimi nimemjua kwa sauti tu, kupitia redio, sasa mwanangu atamjua kwa njia gani?

Na vijana wanaorekodi kwenye vistudio vya Mafiga na Kihonda wanakuja kwangu kushonewa nguo za video, wananiambia mama, pale bila kitu kidogo wimbo haupigwi. Sina ushahidi, nawapa kama nilivyopewa. Ila mkumbuke kilichotokea Dar na singeli. Mziki ule ulikuwa wa vigodoro vya Manzese, Tandale, Mburahati, wakubwa wanauona wa kihuni hauna maana, EFM ilipoingia hewani 2014 ikaja kuupiga kama mziki mwingine wowote, na mtaa mzima ukahamia huko kwasababu mtu anapenda kusikia kwao. Saivi singeli inapigwa mpaka kwenye kampeni za uchaguzi. Sisemi mpige singeli. Nasema kwenye milima hii kuna ngoma gani ambazo nyie hamjaenda kuzisikiliza?

6. Tangazo langu lilienda wapi

Hili ni langu binafsi na nalisema bila haya. Mwezi wa 12 nililipia matangazo kumi ya sare za shule, msimu wangu mkubwa wa mwaka mzima ndio huo. Nikakaa na redio masaa yote, sikulisikia hata mara moja. Nikauliza, nikaambiwa "yanatoka mama, yanatoka". Wiki ya pili akaja mteja mmoja, mlinzi wa ghala, anataka sare za watoto watatu, nikafurahi nikamuuliza umenijuaje, akasema nimekusikia redioni, nikamuuliza saa ngapi, akasema saa 9 usiku.

Matangazo kumi, mteja mmoja, mlinzi. Na nilimpunguzia bei kwasababu ndio msikilizaji pekee niliyemlipia.

Kwa jirani zenu ukilipia unapewa karatasi imeandikwa tarehe na saa tangazo litakapotoka, na likikosa kutoka wanakufidia. Wenye maduka tunaongea. Mkiona matangazo ya hapa mjini yanapungua na yanabaki ya kubeti na ya waganga, sababu mojawapo ndio hiyo.

Sasa najua mtakachosema, maana baadhi nilishaambiwa pale mapokezi.

Mtasema mtambo wenu mdogo na milima ya Uluguru inazuia. Kweli FM haipiti kwenye mlima, watu wa nyuma huko Matombo na Kinole wanapata kwa shida. Lakini mlima ni huohuo kwa jirani zenu! Hawakuusogeza. Na mimi niko mjini, nawapata safi kabisa, tatizo langu sio kuwapata.

Mtasema hamna hela. Kupokea simu inayopigwa na mimi, vocha ni yangu. Na kama hela ni shida, mngeanza na watangazaji wenu. Nawashonea suruali hao vijana, mmoja nimemkopesha toka mwezi wa 2 kwasababu ananiambia mama mshahara haujatoka, anaitwa "anayejitolea" mwaka wa tatu huu. Mtu anayejitolea hawezi kwenda Mawenzi saa 11 alfajiri. Waliokuwa wazuri wote wamevuka barabara wameenda kwa wenzenu, na kila mmoja alivyoondoka na mimi kipande kimoja kiliondoka naye.

Mtasema siku hizi vijana wako TikTok, redio imekufa. Imekufa kwa nani? Simu ya tochi inashika redio bila bando, unachomeka waya wa masikioni tu. Mpiga tofali anasikiliza, dereva wa daladala anasikiliza, mlinzi wangu wa saa 9 usiku anasikiliza. Mkoa huu kwenye sensa ya 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 3. Na nguvu ya redio mnaidharau kwasababu nyie ndio mnayo. Mnakumbuka ile tamthilia ya RTD ya Twende na Wakati, yule dereva wa lori Mkwaju na wanawake wake kila kituo? Ilianza 1993, na Dodoma hawakurushiwa mpaka 1995, kwasababu watafiti walitaka kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Wakakuta kwenye mikoa iliyosikia watu walikuwa wanatumia uzazi wa mpango zaidi. Mchezo wa redio tu! Watu walikuwa wanarudi wiki hadi wiki kujua Mkwaju atafikia wapi, na alipougua UKIMWI mtaani kwetu mazungumzo yakabadilika. Sasa mnaniambia redio haina watu, ina watu, wamehama nyumba tu.

Na mtasema mimi nimetumwa na jirani zenu. Nimetumwa na nani, kale katoto?

Ninachoomba ni hivi, na sioni kama ni kikubwa:

Moja, mtu wa kupokea simu, muda wote mko hewani, Jumamosi na Jumapili ikiwemo. Na kipindi kilichorekodiwa msiseme laini ziko wazi.

Mbili, matangazo ya mtoto kupotea, mgonjwa aliyeokotwa hajulikani kwao, na watu wa mafuriko, yasomwe bure hapohapo. Ya misiba mnaweza kutoza kidogo, hilo tunaelewa, ila mhasibu asiwe sababu.

Tatu, dakika kumi kila siku, saa ileile, za kurudi kwenye habari za jana na za wiki iliyopita. Kisima kimefikia wapi. Mzee kalipwa. Kama hakuna jipya semeni hakuna jipya, tumempigia mhusika hakupokea, tutampigia kesho. Hata hiyo ni habari.

Nne, kipindi cha kilimo kirudi saa 1 usiku, mkulima akiwa amekaa. Na cha nesi kirudi, siku yoyote mtakayotaka.

Tano, watangazaji walipwe. Mkishindwa kuwalipa wote, wachache wanaolipwa ni bora kuliko wengi wanaojitolea wanaosoma simu.

Sita, anayelipia tangazo apewe karatasi yenye saa. Na mimi mniambie yale tisa yangu yalitoka lini, sihitaji kurudishiwa hela, nataka kujua tu.

Sijahama bado. Kibandani kuna redio moja, na kila nikitoka kwenda chooni hawa mabinti zangu wanaigeuza kwa jirani, nikirudi naigeuza kwenu, tumekuwa tukifanya hivyo mpaka kile kitufe cha kutafutia stesheni kimeanza kulegea. Wananiuliza mama, umeng'ang'ania nini huko? Nawaambia hawa niliwasikia siku ya kwanza wanafungua, nilikuwa nashona kanzu ya mtu wa harusi, mtangazaji akasema "habari za asubuhi Morogoro" na sauti ikamtetemeka, nikampenda. Huyo naye mlishamwachia akaondoka.

Jumatatu saa 3 asubuhi, mkiwa mnaanza kikao chenu, nitapiga ile namba ya studio. Nitaacha iite mpaka ikate, nitapiga tena, na mara ya tatu. Redio yangu itakuwa imewashwa kwenu na mabinti watakuwa wamekaa wanaangalia kile kitufe.

Wenu msikilizaji,
Fundi wa Mawenzi

Nakala: Dada wa mapokezi, aliyegonga muhuri barua yangu ya kwanza